Mahali pa Kumi na Moja

Hilary alikuwa mlaji, na hilo nalisema mapema tusije tukalaumiana mbele ya safari. Simwiti mlafi. Mlafi hufukia chochote kilichowekwa mbele yake; Hilary alikuwa anachagua. Alikuwa anauliza samaki kavuliwa lini na mchele umetoka shamba gani, na ukimdanganya anajua kwenye tonge la kwanza. Kazi yake dereva wa bajaji, kijiwe chake Kibaoni, hapa Ifakara, na kwa miaka mitatu saa saba ya mchana haikuwahi kumkuta kijiweni. Ukimpigia simu muda huo anakujibu, "Niko mezani, bosi," utadhani mkurugenzi wa halmashauri.

Meza yenyewe ilikuwa Lipangalala, kwa Mama Agnella. Jina la ubatizo Emerensiana, mjane, Mpogoro wa upande wa Mahenge, mwenye mgahawa wa mabenchi manne na paa la bati lililojaa viraka. Usiudharau. Samaki wa pale, kitoga wa mtoni, alikuwa anabanikwa kwanza juu ya moshi wa asubuhi, halafu mchana anatiwa kwenye tui zito na nyanya na pilipili nzima isiyopasuliwa, anaiva taratibu mpaka mfupa unaachia wenyewe. Hilary alikuwa anaagiza kichwa. Akimaliza anadai ukoko wa wali, afutie sahani. Mama Agnella alikuwa anasimama pembeni, mwiko mkononi, anamtazama.

"Mama, mchuzi umenikimbia!"

"Mchuzi si maji ya bomba, Hilary."

Na huku anaongeza. Maneno hayohayo kila siku, miaka mitatu, na hakuna aliyechoka kati yao.

Kisha binti mwenyewe, Agnella, akarudi nyumbani. Alikuwa mwalimu Malinyi, akahamishiwa shule ya msingi hapa mjini. Jumamosi yake ya kwanza alimsaidia mama yake kugawa sahani, akamwekea Hilary ya kwake, akamwambia, "Karibu kaka, usiungue." Siku hiyo Hilary alibakiza kichwa kizima. Mama Agnella alimuuliza kama ana malaria.

Ya mapenzi sisimulii; aliyependa anayajua, asiyependa nitamchosha bure. Itoshe kusema kwamba baada ya mwaka Agnella alisema ndiyo, na Hilary akamtuma baba yake mdogo, Mzee Kelestini, apeleke barua ya posa. Mzee akapeleka, akarudi, akamkalisha mwanawe chini.

"Barua imepokelewa. Majibu watatoa wakiona vyema. Sasa sikiliza. Kuanzia leo yule ni mama mkwe wako. Huli mbele yake."

"Sili nini, baba mdogo?"

"Hata muwa. Mpaka ndoa ifungwe, na baada ya ndoa mpaka yeye mwenyewe akuchinjie kuku, akufungue kinywa. Wala usimtume mtu akakununulie, huko ni kumchungulia mkwe kwa mlango wa nyuma. Na jina lake hulitaji. Si la ubatizo, si hilo la Mama Nani."

"Na Agnella je? Si ndiye ninayemwoa?"

"Agnella mtaje utakavyo. Usimtangulizie 'Mama', basi."

Ona mkosi wa mtu! Wenzake wakiposa wanaongeza mtu mezani. Yeye kaposa, kapoteza meza. Hilary alikuwa na miaka thelathini na moja na hakuwahi kuliwaza jambo hilo hata dakika moja, maana kila alipomfikiria Agnella alimwona akija na sahani. Lakini alimtaka yule dada kuliko alivyowahi kutaka kitu. Akasema, "Nimekusikia, baba mdogo," akaenda zake na njaa.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Huyu alikuwa nayo, na ilimtesa. Miezi miwili mizima alizunguka mji huu akitafuta sahani ya kumsahaulisha. Alfajiri yuko sokoni kwenye supu ya kongoro ya Osward, Mhehe asiyecheka, anayekupa kipande kimoja cha ndimu hata ulie. Saa nne yuko kwa bibi mmoja karibu na msikiti, chapati zake unazikunjua safu kwa safu na chai ina tangawizi ya kukutoa machozi. Kuna Wasukuma njia ya kwenda Lumemo, wana maziwa mgando na michembe ya viazi vilivyokaushwa, na kabla hujakaa wanakuuliza ng'ombe wako hawajambo, hata kama huna kuku. Viwanja Sitini kuna Rosemery na kambale wake wa kukaanga, anayekutukana ukichelewa kula. Karibu na daraja la mto kuna Wandamba wawili, mtu na kaka yake, wanabanika perege wa asubuhi ileile, na ukitaka sahani wanakushangaa. Kitimoto ya Ijumaa nyuma ya gereji siielezi, kwa heshima ya majirani. Kote huko Hilary alikula, akashukuru, akaondoka huku kitu kinamkereketa rohoni. Hakuna palipokuwa pale.

Ndipo siku moja akampakia dada mmoja mgeni, mtaalamu wa mbu, katoka Mwanza kuja kufanya utafiti kule Namawala.

"Kaka, wiki ya pili hii nakula chipsi mayai. Watu wa mji huu wanakula wapi?"

Sasa umemuuliza nani! Hilary aliegesha bajaji pembeni, akazima injini. Alianza kueleza, yule dada akasema ngoja, nitasahau, nirekodie kwenye simu. Akarekodi dakika sita. Alitaja mahali kumi, wapishi mmoja mmoja kwa majina, saa ya kwenda, benchi la kukaa moshi usikufuate, na nani asiulizwe habari za mume wake. Alipofika pa kumi, jina la kumi na moja lilimfikia kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Akajiona ameheshimu mila kama mwana wa watu, na kwa furaha ya kujiona hivyo akafunga kwa maneno haya: "Ukila hapo kumi umeimaliza Ifakara. Kwingine kote ni kujaza tumbo tu."

Ee Hilary! Mdomo huo ungeufunga sekunde tano mapema.

Yule dada aliwatumia wenzake wa ofisini. Wa ofisini wakawatumia wauguzi, wauguzi wakatumia jumuiya zao, na Jumatano sauti ya Hilary ilikuwa imerudi kijiweni Kibaoni kutoka kwa mtu asiyemjua. Festo, dereva mwenzake, alimpigia makofi. "Mwanangu, wewe sasa ni redio." Hilary akavimba kichwa siku nzima. Alhamisi saa saba mchana, mteja mmoja akiwa kwenye benchi la Mama Agnella aliifungua kwa sauti ya juu, wote wasikie.

Simu ya Agnella iliingia saa saba na robo.

"Hilary, umesema nini kuhusu mama?"

"Mimi? Sijasema chochote!"

"Ndiyo hicho sasa."

Akamweleza. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Halafu akaipua sufuria, akawaambia wateja wamalize walichonacho, akafunga mgahawa. Mara ya mwisho kufunga mchana ilikuwa msiba wa mumewe. "Na ile barua yako," Agnella alisema kwa sauti ndogo, "ilikuwa juu ya kabati. Ameishusha, ameiweka chini ya gunia la mchele. Sijui maana yake, lakini sijaipenda."

Asubuhi ya Ijumaa Mzee Kelestini akaitwa, kama mshenga, aje ajieleze. Hilary ndiye aliyempeleka. Aliegesha bajaji nyuma ya ua wa matete, upande asioonekana, akakaa humo amejikunja. Akasikia kila kitu, maana Mama Agnella hakuwa anasema kwa siri.

"Mzee Kelestini, shikamoo. Kaa. Huyo mwanao amekula kwangu miaka mingapi?"

"Marahaba. Mitatu, mama."

"Mitatu. Ametaja kumi. Kamtaja mpaka Osward na ule mchuzi wake wa kuoshea miguu ya ng'ombe! Mimi hata wa kumi na moja simo?"

"Mama, yule hawezi kukutaja. Ni mkwe. Mila..."

"Mila unanifundisha mimi? Mama yangu alikaa na mkwe wake miaka ishirini hajui meno yake yakoje. Mila naijua."

"Sasa kama unaijua, mama, kosa lake ni nini?"

Hilary akasogeza sikio karibu na matete.

"Kujua ni kujua, na kuumia ni kuumia," Mama Agnella akasema. "Asinitaje, sawa. Asile, sawa. Lakini 'kwingine kote ni kujaza tumbo'? Mimi nimemjaza tumbo? Miaka mitatu nimemchagulia kichwa kizuri, namfichia, nawaambia watu kimekwisha, kumbe nilikuwa najaza gunia?"

Mzee Kelestini akajaribu kusema ujana, ulimi hauna mfupa, na mengine ya namna hiyo. Hakusaidia.

"Jumapili baada ya misa mje mchukue majibu. Na kwa moyo nilionao leo, mzee wangu, usihangaike kunyoosha kanzu."

Mzee alirudi kwenye bajaji anajifuta jasho, wakaondoka, wakavuka soko. Hapo akasema, "Nimekuwa mshenga wa posa tisa. Haijawahi kunifia hata moja."

Hebu mfikirie huyo kijana. Akimtaja mama mkwe mbele ya watu ili amsifu, kavunja mwiko, na posa imekufa. Akinyamaza, posa imekufa vilevile. Kijiweni alikaa amejishika kichwa, na Festo, rafiki wa kweli lakini si mtu wa kumwomba ushauri, akamwambia, "Usimtaje. Sema tu kwa yule mama mnene wa Lipangalala."

"Festo, unataka nizikwe Jumamosi?"

"Basi sema mwenye mwili."

Hilary alimwacha anaongea. Aliendesha mpaka kando ya mto, akasimama mahali pasipo na mtu, akashika simu. Mara ya kwanza alifuta. Mara ya pili alifuta. Mara ya tatu aliacha kutafuta maneno mazuri, akasema yaliyokuwepo.

"Habari zenu. Ni Hilary wa Kibaoni. Ile orodha yangu ina kosa, na kosa ni langu. Kuna mahali nimepaacha. Kwa kuhesabu ni pa kumi na moja, kwa kula ni pa kwanza. Siwezi kusema ni kwa nani, na wenye mila zenu mtanielewa bila kuniuliza. Nendeni Lipangalala. Msitafute kibao, hakuna. Mkiona watu wazima wako kwenye benchi hawaongei, simu wamezilaza kifudifudi, ndipo hapo. Mimi pale sili. Sikufukuzwa. Nimejizuia kwa ajili ya kitu ninachokitaka kuliko chakula, na ninyi mnanijua, hicho kitu kinabidi kiwe kikubwa. Mahali pale kumi nilipopataja nakula kwa sababu nina njaa. Pale nilikuwa nakula hata nikiwa nimeshiba. Nilisema kwingine ni kujaza tumbo. Nilikosea vibaya sana, na nimeumiza mtu ambaye sikutaka kumuumiza. Mnaoweza kwenda, nendeni mnilie. Na mkimaliza msiondoke kimya kimya kama mnatoka benki. Semeni kimeiva. Mwenye mikono ile anapenda kuambiwa."

Akaituma kwa yule dada wa mbu na kwenye kundi la kijiwe. Akazima simu, akakaa anaangalia maji mpaka abiria wa kuelekea Kibaoni akaja kumgongea bodi.

Jumamosi hakupita Lipangalala, hakuthubutu. Festo alipita mara nne, na kila akirudi anakuja mbio.

"Watu wamejaa! Mabenchi yamekwisha, wengine wanakula kwenye viti vya bajaji. Yule dada wa mbu kala mara mbili. Wale Wandamba wa darajani wamefunga wakaja wenyewe kuonja!"

"Na yeye?"

"Anapika."

"Anacheka?"

"Anapika, Hilary."

"Amesema nini walipomwambia kimeiva?"

"Kasema asante. Saa nane samaki wakaisha, akawaambia waliobaki waje kesho kutwa."

Hilary hakuweza kusoma kitu chochote humo. Mama Agnella wa kawaida, ukimwambia kimeiva, anakujibu ulitaka kibichi? Asante tu haikuwa dalili nzuri. Usiku huo hakula kabisa, na kwa Hilary hilo ni jambo la kuitia watu.

Jumapili baada ya misa ya pili walikwenda. Mzee Kelestini alikuwa amenyoosha kanzu hata hivyo, kwa ubishi. Mwoaji haingii kuchukua majibu ya posa, kwa hiyo Hilary alibaki tena nyuma ya ua wa matete, kwenye kiti chake cha dereva, shati limemganda mgongoni. Safari hii hakusikia kitu. Walikuwa ndani na mlango umefungwa. Ikapita nusu saa. Ikapita saa. Jogoo mmoja akapanda juu ya bajaji, akawika, akashuka. Hilary akaanza kupanga atakavyomwambia Agnella kwamba atamsubiri hata miaka kumi, kisha akakumbuka kwamba huenda hata kumwambia hataruhusiwa, na hapo macho yakaanza kumuwasha.

Mzee Kelestini akatokea kwenye kona ya ua, mikononi ana sinia limefunikwa kawa, uso umemvurugika kama wa mtu aliyepewa chenji nyingi kuliko noti yake.

"Vipi?"

"Wamekubali."

"Rudia."

"Wamekubali, Hilary. Posa imekubaliwa. Mahari tutapanga." Akaweka sinia kwenye kiti cha abiria. "Na huyu mama amenishinda. Amesema ule."

"Nile? Baba mdogo, si ulisema..."

"Nimemwambia yote! Akasema mila inakataza kula mbele yake, na yeye yuko nyuma ya ua, hakuoni. Nikamwambia basi hata hivyo ni mpaka siku ya kufunguliwa kinywa. Akasema kuku wa siku hiyo yupo na atasubiri. Samaki hasubiri." Mzee akatikisa kichwa. "Teremsha maturubai, mwanangu. Mimi sijaona kitu."

Hilary aliteremsha maturubai ya pande zote mbili, giza likaingia ndani ya bajaji, akafunua kawa. Sitaeleza. Wenye kitoga karibu kaleni, wasio naye poleni. Alikula ameinamia sinia, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakuuliza samaki kavuliwa lini.

Sauti ikatoka upande wa pili wa matete, karibu kabisa.

"Mzee Kelestini! Muulize, chumvi imekolea?"

Mzee akainama kwenye turubai. "Unaulizwa chumvi."

Hilary mdomo umejaa. Kusema na mama mkwe huku unatafuna ni matusi, na kutema ni matusi makubwa zaidi. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akapiga honi. Mara moja.

Upande wa pili Mama Agnella akacheka, kicheko kile chake cha tumboni ambacho Lipangalala haikuwa imekisikia kwa miezi miwili.

"Muulize, mchuzi umemkimbia?"

Honi ikapigwa mara tatu mfululizo, kuku wakatawanyika, na mtu wa nyumba ya pili akafungua dirisha kuangalia kuna nini. Agnella akaja na bakuli, anacheka huku anajifuta macho kwa ncha ya khanga, akaliingiza chini ya turubai bila kuchungulia. Vidole vyao vikagusana kwenye ukingo wa bakuli, vikakaa hapo zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mzee Kelestini uvumilivu ukamwisha. "Mama, na mimi niseme. Mkwe si mteja. Huyu ukimzoesha hivi, heshima itakuwa wapi?"

"Wateja ninao," Mama Agnella akajibu kutoka nyuma ya ua, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Jana wamejaa mpaka barabarani, wamesema kimeiva, nimewashukuru. Lakini tangu baba yake Agnella afariki, mtu wa kumpikia nilikuwa naye huyu mmoja."

Ndani ya bajaji Hilary aliacha kutafuna. Kisha akaendelea, polepole, asije akamaliza mapema.